Ubao Uliopakwa Samli

Ubao wa kwanza wa mpira wa kikapu nilioutengeneza kwa mikono yangu unanuka samli. Haunuki siku zote, unanuka jua likiwaka tu, lakini kwa kuwa hapa Garsen jua halijui kazi nyingine, tuseme basi unanuka siku zote. Timu za wageni husimama chini yake wakipasha misuli moto, wananusa, wanatazamana, halafu lazima mmoja aulize kama kuna hoteli hapa karibu. Mimi huwaambia hakuna. Kabla ya mchezo sipendi kueleza mambo yanayoweza kumfanya mpinzani akuonee huruma.

Sasa nimekaa, sina haraka, nitaeleza.

Mimi ni fundi wa faiba. Kazi nilijifunzia Kilifi, kwenye yadi ya mashua za matajiri. Nilianza kwa kufagia vumbi nikiitwa "wewe", nikaondoka nikiwa naweza kutengeneza mashua nzima na bado naitwa "wewe". Niliporudi nyumbani Golbanti, watu wa kwetu walinitazama kama mtu aliyerudi na ugonjwa. Kwetu Wapokomo chombo cha majini huchongwa kutoka kwenye gogo, na anayekitengeneza kwa vitambaa na gundi ni sawa na anayejenga nyumba kwa maboksi. Nikahamia Garsen, ambako hakuna aliye na nafasi ya kukusikitikia, nikapata kibanda cha mabati nyuma ya gereji. Natengeneza matangi ya maji, nabandika pua za mashua za Kipini zilizogonga visiki, naziba beseni, naziba choo, naziba chochote kinachovuja. Nyuzi za faiba ni kioo, zinaingia kwenye ngozi na hazitoki. Ukimwona mwanamke anajikuna viwiko harusini huku akijifanya anacheza ngoma, huyo ni mimi.

Jioni nacheza kikapu. Mimi ni mfupi, naomba nilitamke mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Katika maisha yangu yote ya mpira nina mtupo mmoja tu, leyapu, yaani ule wa karibu kabisa: unakimbia na mpira, unakanyaga hatua mbili, unapaa, unaugusisha mpira kwenye ubao, nao unaangukia ndani ya ringi. Kutupa kwa mbali siwezi. Nilijaribu siku moja nikampiga mbuzi wa watu, na mwenye mbuzi akasema afadhali nirudi kanisani. Kwa hiyo wengine wakihitaji ringi tu, mimi nahitaji ubao. Bila ubao mimi ni mtazamaji aliyevaa jezi.

Uwanja wetu uko pembeni mwa mji. Sakafu yake ni saruji iliyopasuka, na vichaka vya mathenge vimeuzunguka kiasi kwamba mpira ukitoka nje unarudi umechomwa miiba. Ulikuwa na mbao za plaiwudi, moja kila upande. Mto ulipofurika watu wakahamia kwenye kambi ya mahema kule juu, bwana mmoja alipanda nguzo, akaung'oa ubao wa upande wa mtoni, ringi akaiacha kwenye nguzo, akaenda kuufanya kitanda. Tulimjua. Maji yaliposhuka tulikwenda kuudai, timu nzima, tumekunja nyuso, tukakuta mkewe amejifungulia juu yake na mtoto amelala hapo hapo, ngumi zimefumbwa. Utaanzaje kudai ubao wa namna hiyo? Tulisema hongera, tukanywa chai, tukaondoka. Tangu siku hiyo tukawa tunacheza upande mmoja tu.

Sasa nije kwa shoga yangu, kwa sababu kisa hiki ni chake zaidi kuliko changu.

Shoga yangu ni Muorma, mrefu, wa kutembea taratibu kama anayebeba maji hata asipobeba kitu. Alikuja kibandani kwangu kuziba beseni la kuogeshea mtoto, akaona mpira wangu pembeni, akauokota kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Mimi kuushika mpira ule nahitaji mikono yote na dua. Nikamwambia beseni nitaliziba bure kama atakuja uwanjani jioni. Alikuja, na mtoto mgongoni. Akakimbia na mtoto mgongoni. Mtoto alicheka mpaka akatapika, ikabidi tusimamishe.

Huyo mtoto ndiye aliyekuwa shida. Alikuwa ananyonya, hajatembea, na mama yake akiwekwa mbali naye hata kidogo alipiga kelele ambazo zilisikika hadi mji wa Minjila. Tulijaribu kupokezana. Mchezaji akipumzika, anampakata. Lakini mtoto alitaka mama yake tu, na mama yake akimsikia analia alikuwa anaacha mpira ukiwa hewani na kwenda zake. Mume? Mume yuko na ng'ombe. Ukiuliza yuko wapi, jibu ni hilo: yuko na ng'ombe. Akipata mtandao anapiga simu, na shoga yangu alipomwomba ushauri juu ya jambo hili, alijibu kwa busara zote za wanaume wa dunia: "Muulize mama."

Mama ni mama mkwe, na waliishi naye nyumba moja. Nilimsindikiza shoga yangu kwenda kumwomba akae na mjukuu saa za jioni, siku za mazoezi. Tulimkuta kikongwe uani anafukiza vibuyu vyake vya maziwa. Wanawake wa Kiorma hutia makaa ya mti fulani ndani ya kibuyu, wanatikisa, moshi unashika ndani, na maziwa au samli itakayowekwa humo inabeba ule moshi. Kila mwanamke ana mti wake na mkono wake. Mimi kwangu moshi ni moshi, lakini shoga yangu aliniambia mama mkwe wake anaweza kunywa chai kwenye harusi ya watu wengi na kukwambia maziwa yametoka kwenye kibuyu cha nani.

Akatusikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutikisa.

"Huko uwanja," akauliza, "nani nafukuza nyinyi?"

"Hakuna, mama," nikasema.

"Sasa nakimbia nini?"

Jaribu wewe kulijibu swali hilo. Shoga yangu ndiye aliyejibu, na alisema taratibu, akiangalia chini: "Mama, nikiwa kule nasahau kuchoka."

Kikongwe aliweka kibuyu chini, akatoa hukumu. "Mimi nataona siku moja. Moja tu. Nikiona iko maana, mtoto nakaa na mimi kila jioni, mpaka wewe narudi. Nikiona upuzi, hiyo mpira kwisha. Na gari mimi sipandi."

Hilo la gari lilijulikana mji mzima. Alipandishwa gari mara moja kwenda hospitali, akatapika kabla hawajafika barabara kubwa, akashuka, akasema afadhali ugonjwa. Kwa hiyo mchezo atakaouona lazima uwe Garsen. Na ulikuwepo mchezo: timu ya wanawake ya Hola ilikuwa inakuja kwetu Jumamosi, wiki moja kabla ya Ramadhani. Tukafurahi. Kisha Hola wakapata habari kwamba uwanja wetu una ubao mmoja, wakatuma ujumbe wa sauti wenye kicheko ndani yake: ubao wa pili usipokuwepo Jumamosi, mje nyinyi huku.

Shoga yangu aliusikiliza ujumbe huo kibandani kwangu, mtoto amelala kwenye maboksi. Alianza kumfunga mtoto mgongoni, na jinsi alivyokuwa akikaza kile kitambaa nilijua anajifunga kwenda nyumbani moja kwa moja na uwanjani haji tena. Nikakasirika. Mimi nikikasirika huahidi mambo. Nikamwambia, "Fungua huyo mtoto. Ubao tutautengeneza sisi."

Faiba haitengenezwi hewani, inalazwa juu ya kitu, na hicho kitu huitwa kalibu. Kikiwa laini, utakachokitoa kitakuwa laini. Kwa ubao bapa unahitaji kalibu bapa, kubwa, inayoteleza. Mjini palikuwa na chuo cha kompyuta kilichofungwa kabla darasa la kwanza halijajua kompyuta ni ipi, na nyuma yake kulikuwa na ule ubao mweupe wa kuandikia kwa kalamu ya wino, umeegemezwa ukutani, kuku wanalala chini yake. Mlinzi alisema chukueni, kuku watazoea. Tukaubeba kichwani kupita sokoni. Watu waliuliza tunafungua shule gani.

Kalibu hupakwa nta kwanza, ili kazi ikikauka ibanduke. Bila nta, faiba na kalibu vinakuwa kitu kimoja na utavitenganisha kwa shoka. Nikainua mkebe wangu wa nta, ukawa mwepesi. Nikafungua. Umekombwa, umelambwa, unang'aa ndani. Jirani yangu wa bodaboda alikuwa ameniomba "kidogo tu" apake tangi la pikipiki, na pikipiki yake siku hiyo ilikuwa inang'aa mpaka ng'ombe waliiogopa. Nilimtukana mpaka nikaishiwa, kisha nikaanza tena kwa Kipokomo. Nta inapatikana Malindi, na barabara ya upande wa Malindi ilikuwa imekatwa na maji.

"Samli," akasema shoga yangu.

"Samli nini?"

"Samli haishikani na kitu. Mtoto ukimpaka samli, hushiki hata mguu. Ponyoka! Sufuria ukiipaka samli, ugali unatoka wenyewe. Si hiyo ndiyo unataka?"

Nilijua jibu. Fundi yeyote wa faiba angejua jibu akiwa usingizini: mafuta na rezini, ile gundi ya faiba, havipatani, mafuta yanaingia kwenye koti ya kwanza na kuiharibu, haikauki vizuri, inatoboka vishimo vishimo. Nilijua kabisa. Lakini ilikuwa Alhamisi, na alikuwa ananitazama, na mimi nilishaahidi. Nikamwambia alete. Ukitaka kumlaumu mtu, nilaumu mimi, ila uje uwanjani uniambie nikiwa na mpira mkononi.

Alileta kikombe kizima, alichochota nyumbani kwenye kibuyu cha mama mkwe bila kuomba. Samli nzito, ya njano, yenye moshi. Ilinukia vizuri hivi kwamba niliifuta kidoleni kwa ulimi. Tukaipaka kwenye ubao kwa kitambaa, tukaisugua mpaka ubao ukang'aa, na kwa kweli nilianza kuamini.

Kazi tulianza Ijumaa adhana ya alfajiri ilipokwisha, kwa sababu rezini na jua la Garsen ni maadui. Ukiichanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, saa za mchana, inachemka kwenye ndoo, inatoa moshi, inakuwa jiwe na brashi yako ikiwa imesimama katikati. Alfajiri unatia hadina matone machache, unapata muda wa kufanya kazi kama binadamu. Nikapaka koti ya kwanza, nyeupe, nzito, ile ambayo baadaye ndiyo inakuwa uso wa ubao. Pale pale ikaanza kujikunja. Ikakimbia samli, ikaacha vishimo vidogo vidogo. Nikapaka tena juu yake. Shoga yangu akauliza kama ni kawaida. Nikasema ni kawaida.

Ikifika mahali ambapo inanata lakini haichafui kidole, unaanza kulaza mkeka wa nyuzi. Unaulaza, unaulowesha rezini kwa kugongagonga brashi, huvuti kama anayepaka rangi ukuta, kwa sababu ukivuta unavuruga nyuzi. Kisha unapitisha rola ya chuma kusukuma hewa itoke. Hewa ndiyo adui. Ikibaki hata kipovu kati ya tabaka na tabaka, siku moja kitu kikigonga pale kitapasuka. Nilimpa shoga yangu rola, nikitarajia kumfokea. Sikupata nafasi. Mtu aliyetikisa maziwa tangu utotoni ana kifundo cha mkono ambacho hakichoki. Alisukuma vile vipovu kutoka katikati hadi ukingoni, polepole, akiinama kusikiliza vinavyopasuka, na mtoto mgongoni amelala kwa ule mwendo.

Kati ya tabaka moja na lingine lazima usubiri. Ukiharakisha, ukaweka yote kwa mpigo, inapata joto na kupinda. Kwa hiyo tulisubiri, na katika kusubiri tulifanya mazoezi ya leyapu humo humo kibandani, na mpira ulikuwa kitambaa kilichoviringishwa. Shida yake ilikuwa miguu. Ukitupa kwa mkono wa kulia unatakiwa ukanyage kulia, kushoto, upae. Yeye alikanyaga sawasawa akiwa peke yake, lakini akihisi anatazamwa alichanganya, akapaa kwa mguu usiostahili na kutua kama gunia. Na jicho lake halikukaa kwenye ubao. Lilienda kwa mtoto, likarudi, likaenda tena.

"Tazama pale utakapogusisha," nikamwambia. "Mtoto hatakimbia."

"Wewe huna mtoto," akasema.

"Na ndiyo maana natia."

Akanirushia kile kitambaa usoni. Tukalaza tabaka lililofuata.

Jioni tulibandua. Kwa kawaida kubandua ni vita, unapenyeza vipande vya mbao pembeni, unagonga, unaomba. Huu ulichomoka wenyewe, kwa ulaini ambao sijawahi kuuona kabla wala baada yake, ukaangukia mikononi mwetu. Tukashangilia. Kisha tukaugeuza.

Uso ulikuwa wa njano kama meno ya mvuta sigara. Ulikuwa na vishimo kama umeugua ndui. Ulinata. Na katikati, kwa maandishi ya kinyumenyume, samli ilikuwa imeng'oa wino wa zamani kwenye ule ubao wa chuo na kuuchapa kwetu, na ukisimama mbele na kioo unaweza kusoma: Somo la kwanza, kuwasha kompyuta. Tuliusugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa msasa, kwa petroli aliyoileta jirani wa bodaboda ambaye sasa alikuwa hana usemi. Maandishi yalififia. Mnato ulipungua. Harufu haikwenda popote. Lakini ulikuwa mgumu. Niliupiga ngumi na ngumi ndiyo iliyoumia. Tukaupeleka uwanjani, tukaufunga kwa bolti kwenye nguzo ya upande wa mtoni, na shoga yangu alinitazama akacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi Hola walikuja wamevaa jezi mpya za kufanana, mimi yangu ikiwa na mkono mmoja uliorefushwa kwa kitambaa cha pazia. Mama mkwe alikuja kwa miguu, na mwamvuli, akaletewa kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja, akapakata mjukuu. Watu walimpisha.

Nusu ya kwanza tulishambulia upande wa ubao wa zamani. Sitaki kuisimulia sana. Kila shoga yangu alipopewa mpira chini ya ringi, njia ikiwa wazi, alipiga jicho kwenye kile kiti. Kulia, kushoto, jicho, kosa. Mara mpira ulipita juu ya ubao mzima. Mara aliupiga chini ya ringi ukamrudia kichwani, na watu wa Hola walicheka kwa adabu, ambayo ni mbaya kuliko kucheka. Mimi nilitia mbili tatu zangu, lakini nilikuwa naona kila kitu kinakwenda mrama, namwona kikongwe midomo imekazwa, na nilitaka kumwendea na kumwambia huyu anakosa kwa sababu yako wewe. Sikwenda. Nina hasira lakini nina mama pia, najua mipaka.

Mapumziko yakaisha, tukabadilishana upande. Sasa ule wetu mpya ndio tunaoushambulia, na jua la alasiri limegeuka, limeupiga usoni barabara. Ubao ukaanza kutoa jasho. Naapa. Matone madogo yalitokea kwenye vile vishimo na harufu ikashuka uwanjani, samli ya moto yenye moshi, ikatufanya sote tusikie njaa. Paka akatokea kwenye mathenge akaja kukaa chini ya nguzo. Mchezaji mmoja wa Hola akamwuliza mwenzake, "Kwani ni nini inanukia hivi?"

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameinua pua.

Akasimama. Akaingia uwanjani na mjukuu mkononi, mwamvuli kwapani, mchezo ukiendelea. Refa alipiga filimbi, akapiga tena, na mama mkwe alimpita kama anavyompita nzi. Akafika chini ya ubao, akanusa. Shoga yangu alikuwa amesimama pale pale, mpira mkononi, na sura yake sitaisahau. Alionekana kama mtu ambaye amekwisha kufungasha virago.

"Hii moshi yangu," akasema mama mkwe.

Nikajitokeza. "Mama, ni mimi. Mimi ndiye nilimwambia alete."

"Wewe fundi nyamaza." Hakugeuka hata kunitazama. Akamwangalia mkwewe, akamwangalia kwa muda. "Samli yangu wewe nachukua. Mimi nafikiri wewe nakula, nasema sawa, wewe nanyonyesha. Kumbe napaka mbao."

"Ndiyo, mama."

"Jana usiku mimi naona wewe narudi, mikono nanuka dawa, na kazi ya nyumba bado nafanya. Mimi nasema hii msichana natafuta nini huko?" Akamhamisha mtoto bega. "Na samli yangu yote hii, wewe bado nakosa?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Nakosa kwa sababu unanitazama," akasema shoga yangu. Alisema kwa sauti, mbele ya watu, na nadhani hata yeye alishtuka kujisikia.

Mama mkwe alilifikiria jambo hilo. Kisha akageuka, akarudi kwenye kiti chake, akakiinua na kukigeuza, akakaa akiwa ameupa uwanja mgongo. Mwamvuli akaufungua. Mjukuu ndiye aliyebaki akitazama, kidevu juu ya bega la bibi yake.

Refa hakujua kanuni inasemaje kuhusu mama mkwe kuingia uwanjani, akatupa sisi mpira ili mambo yaishe. Niliupeleka mbele, nikamrudishia shoga yangu pembeni, naye akaanza kukimbia. Kulia, kushoto. Akapaa, na nilimwona, jicho lilikuwa juu kwenye ubao na halikwenda kwingine. Mpira uligusa samli, ukateleza, ukapita pembeni mwa ringi. Akatua, akaudaka mwenyewe kabla ya mtu wa Hola hajanyoosha mkono, akapaa tena hapo hapo alipo bila hatua yoyote, akaugusisha juu zaidi, pakavu. Ukaingia.

Watu wakapiga kelele. Mgongo wa mama mkwe haukutikisika.

Baada ya hapo alitia tena na tena. Hakutia vya kutosha, Hola walitushinda, na walistahili, ingawa hilo sitawaambia. Filimbi ya mwisho ilipolia, shoga yangu aligeuka kama anavyogeuka siku zote, akakimbilia pembeni kumchukua mtoto. Kiti kilikuwa kitupu. Mwamvuli haupo. Mtoto hayupo. Alizunguka kile kiti akikitazama kana kwamba wamejificha chini yake, na nilimsikia anavyohema.

"Amekwenda naye nyumbani," akasema mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu. "Mtoto alisinzia. Amemfunga mgongoni mwenyewe. Amesema wewe umalize tu, usiharakishe."

Shoga yangu alisimama. Mikono yake ilikuwa imekwisha kunyooka mbele kupokea, akaishusha, akaikunja kifuani, akaishusha tena. Tangu nimjue sikuwahi kuiona ikiwa haina kitu, na ilikuwa wazi kwamba hajui aipeleke wapi. Machozi yakamtoka. Mimi kubembeleza watu sijui, ningesema tu neno la kijinga.

Nikampa mpira.